Mabakuli Mawili ya Mwalimu Shirane

Kinue Yokomichi hakuwahi kufinyanga hata kikombe. Aliolewa kwenye nyumba ya wafinyanzi huko Hagi, nchini Japani, na harusi haijapoa mama mkwe wake alishamwonyesha kazi yake, ambayo ilikuwa ni kila kitu kinachobaki baada ya wanaume kumaliza kujisifu.

Tanuri likishafunguliwa na mabakuli ya chai yakishapoa, wanaume wa nyumba ile huyatazama, huguna, huvunja yale wasiyoyapenda, kisha huenda kulala. Yanayobaki ni ya Kinue. Huvisugua vitako vyake kwa jiwe laini ili visikwaruze mikeka ya watu. Huyajaza maji na kuyaweka juu ya magazeti mpaka asubuhi, kwa sababu udongo wa Hagi ni mlaini na huvuja, halafu huyakagua magazeti kuona lipi limelowana. Bakuli linalovuja sana hulichemsha kwenye maji ya mchele mpaka vitundu vizibe. Mteja wa mbali akipiga simu kulalamika kwamba bakuli lake limelowesha meza, Kinue ndiye hupokea na kumweleza kwa upole kwamba bakuli ni zima, lina kiu tu, alinywee kila siku litaacha. Na kweli huacha. Chai huingia kwenye nyufa ndogondogo, na miaka ikipita rangi ya bakuli hubadilika. Wateja hulipia uzuri huo. Kinue huona ni madoa, lakini hilo hajawahi kumwambia mteja.

Kazi ya mwisho ni kufunga. Kila bakuli la heshima hupewa kitambaa cha njano na sanduku la mbao nyepesi lililochongwa kwa kipimo chake, na juu ya kifuniko mfinyanzi huandika jina lake kwa brashi. Sanduku ndilo husema bakuli limezaliwa na nani, maana bakuli lenyewe halisemi. Siku hizi Kinue hufunga pia seti za watu wanaopekecha chai yao ya kijani jikoni, wakiwa na nguo za kulalia: bakuli, upekecho wa mwanzi, na kinara kidogo cha udongo cha kusimamishia upekecho huo usiharibike umbo. Mumewe hukifinyanga kinara hicho akiwa amenuna. Hukiita uyoga. Kinue hukipenda kwa sababu hakuna mtu anayepiga simu kulalamika kwamba uyoga unavuja.

Mumewe ni Tokuzo, mtoto wa kwanza wa nyumba. Tokuzo ni mtu wa kipimo. Ukimwomba bakuli la upana fulani atakupa upana huo, na ukimwomba kumi atakupa kumi yanayofanana kama mayai. Alikuwa na mdogo wake, Eiji, wa mkono wa kushoto, aliyekuwa akiongea na udongo, na udongo usipojibu akijijibu mwenyewe. Baba yao alipofariki waliendelea kukaa bega kwa bega kwenye karakana moja, wakibishana kutwa nzima. Tokuzo alisema Eiji anakanda udongo kama mtu anayemkimbia mbwa. Eiji alisema Tokuzo anaukanda kama anaomba radhi. Kinue aliwapelekea chai mara mbili kwa siku na kuwakuta palepale walipoishia. Ilikuwa nyumba ya kelele, na wote walikuwa na raha kuliko walivyojua.

Ndipo Mwalimu Shirane alipotaka bakuli. Huyu alikuwa bibi, mwalimu wa chai, yaani wa ile sanaa ya kuiandaa na kuinywa kwa taratibu maalumu, ambaye neno lake mjini halikuwa na rufaa. Alihitaji bakuli la chai ya kwanza ya mwaka, ile ya Januari, ambayo wanafunzi wake wote huhudhuria wakiwa wamevaa kimono za gharama. Alitoa kipimo kimoja kwa ndugu wote wawili. Kila mmoja afinyange bakuli moja, aandike jina kwenye sanduku lake, yapelekwe yote mawili. Yeye atabaki na moja na kurudisha lingine. Hakuna aliyesema lolote kwa sauti, lakini kila mtu alielewa kwamba baba amekwenda bila kutaja mrithi, na yule ambaye bakuli lake litabaki kwa mwalimu ndiye atakuwa mwenye tanuri. Mwingine atakuwa ndugu yake.

Lililorudi lilikuwa sanduku la Eiji.

Eiji alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaingia nalo chumbani. Baada ya mwezi alimwambia mama yake kwamba anahamia mlimani kwa shangazi yao mzee, kumsaidia na shamba la machungwa. Akafunga virago akaondoka. Watu wote walielewa kwamba ameumia, na hakuna aliyemuuliza, maana kumuuliza mtu aliyeumia kama ameumia si adabu. Kinue mwenyewe alimhukumu kidogo. Alisema, si mara moja, kwamba shemeji yake ana kipaji kikubwa na ngozi nyembamba, kwamba mwanamume aliyekomaa angemeza mate na kurudi kazini. Eiji hakuoa. Shangazi zake walililaumu bakuli kwa hilo pia.

Tangu wakati huo ndugu hao walikutana kwenye kumbukumbu za marehemu tu, mbele ya ubani, wakazungumzia hali ya hewa. Kila majira ya kuchipua liliteremka kutoka mlimani kreti la machungwa makubwa ya ngozi nene, bila salamu yoyote. Kinue aliyachemsha jamu. Tokuzo aliila kwenye mkate kila asubuhi bila kutaja imetoka wapi. Wanafunzi wa Mwalimu Shirane walikuja kuagiza mabakuli, na marafiki wa wanafunzi wakafuata. Karakana ikawa kimya, ikawa na heshima, ikawa ya Tokuzo.

Karibu miaka ishirini ilipita hivyo. Kisha Mwalimu Shirane, ambaye sasa alikuwa amezeeka hadi magoti yanamgomea, alitangaza kwamba chai ya kwanza ya mwaka huu itakuwa ya mwisho kwake kuandaa. Na mgeni wake mkuu angekuwa Yokomichi Tokuzo, mfinyanzi, pamoja na mkewe. Alitaka kumshukuru.

Tokuzo alipopata habari hizo alikwenda kukaa chooni kwa muda mrefu. Alikuwa amefinyanga mabakuli ya chai maisha yake yote na hakuipenda chai yenyewe. Kinywaji chake kilikuwa kahawa ya kopo kutoka kwenye mashine ya kona. Kupiga magoti hakuweza zaidi ya dakika chache. Na mgeni mkuu, kwa desturi, ndiye huzungumza kwa niaba ya wengine wote. Humuuliza mwenyeji chai hii inaitwaje, ua hili limetoka wapi, na bakuli hili ni la mkono wa nani.

"Yaani niulize bakuli ni la nani," Tokuzo alimwambia mkewe, "na mimi nimelifinyanga."

"Ndiyo."

"Halafu nikijibiwa kwamba ni langu?"

"Unashangaa kidogo, unainama."

Kinue, aliyewahi kusoma chai kidogo akiwa bi harusi, alimfundisha jikoni. Tokuzo alifanya mazoezi ya kupiga magoti mbele ya televisheni wakati wa mieleka, mikono juu ya mapaja, akiwatazama wanaume wanene wakisukumana kwa uhuru mkubwa. Alikariri maswali yake kama mtoto wa shule anayekariri majina ya mito.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi na jua. Wageni walikuwa watano. Tokuzo alikaa wa kwanza, Kinue wa pili, na baada yao wanafunzi watatu wa zamani ambao kimono zao zilifanya Kinue aione yake kuwa pazia. Birika la chuma lilikuwa likinong'ona juu ya makaa. Mwalimu Shirane aliingia akitambaa kwa magoti, kila kitu kwake kikiwa kimepungua isipokuwa mikono. Chai ya siku hiyo ilikuwa ile nzito inayokaribia kuwa uji, ambayo wageni wote huinywa kutoka bakuli moja, kila mmoja akipiga mafunda yake, akafuta ukingo, akampa jirani. Alilitoa bakuli, akalifuta, akaikanda chai ndani yake taratibu, akaliweka mbele ya Tokuzo.

Kinue alilitazama kwa pembe ya jicho na kufurahi jinsi lilivyokuwa. Alilikumbuka likiwa jeupe kama maziwa. Sasa lilikuwa na rangi ya waridi ubavuni, na mistari myembamba kama mishipa ya mkono wa bibi. Hata yeye safari hii hakuyaona madoa. Tokuzo alilichukua, akaliweka juu ya kiganja cha kushoto, akalizungusha kidogo kama alivyofundishwa, akainua. Halafu akakaa nalo hewani. Alikaa nalo kupita inavyotakiwa, na Kinue akadhani amesahau hatua inayofuata. Mwishowe akanywa, akasema chai ni nzuri sana, akafuta ukingo, akampa mkewe.

Kinue alinywa. Na alipokuwa akilishusha, ncha ya kidole chake iligusa mahali penye ukavu, chini karibu na kitako.

Ni lazima ieleweke kwamba Kinue alijua vitako kuliko nyuso. Mfinyanzi anapochovya bakuli kwenye uji wa majivu, ule unaogeuka kioo motoni, hulishika kwa kitako, na vidole vyake vinapolishika uji haufiki. Alama hizo hubaki milele, gumba upande mmoja, vidole upande mwingine. Kinue alikuwa amevisugua vitako vya ndugu wale wawili miaka mingi. Alama za Tokuzo zinakwenda kulia. Hizi zilikwenda kushoto.

Alipitisha bakuli kwa jirani yake kwa mikono iliyokuwa imara kwa sababu tu haikuwa imepata habari bado. Kichwa chake kilikuwa kimesharudi kwenye meza ya jikoni ya miaka ile. Alikuwa ameyafunga mabakuli mawili kwenye vitambaa vya njano, yakafanana kama mapacha, la Tokuzo kulia na la Eiji kushoto. Gari la mizigo likapiga honi, akatoka kumwomba dereva asubiri. Aliporudi vifurushi vilikuwa juu ya kabati, na mezani kulikuwa na sufuria ya mchuzi wa figili na mayai, maana mama mkwe alitaka kupakua chakula cha mchana. Kinue alitia kifurushi cha kulia kwenye sanduku la Tokuzo, cha kushoto kwenye la Eiji, akafunga fundo zuri ajabu, akampa dereva. Hakufikiria kwamba mtu anayehamisha vitu viwili kwa mara moja anaweza kuvipitanisha, cha kulia kikaenda kushoto. Mama mkwe sasa alikuwa marehemu na hakuweza kuulizwa, na Kinue hakuwa na haja ya kumuuliza.

Mtu wa tano alipomaliza chai, Tokuzo alikohoa na kuuliza swali lake.

"Bakuli hili, ni la mkono wa nani?"

"La bwana mmoja anaitwa Yokomichi Tokuzo," alijibu Mwalimu Shirane. "Nasikia yu hai, ila hapendi kutoka nyumbani."

Wageni walitabasamu kwa kiasi kinachoruhusiwa. Tokuzo aliinama, kama alivyofundishwa. Hapo palitosha, lakini mwalimu alikuwa anaaga kazi yake na alijiruhusu maneno machache zaidi. Alisema kwamba siku ile aliletewa mabakuli mawili, na lile lingine lilikuwa zuri, lilikuwa sahihi kabisa. "Nililishika, likakaa mkononi likisubiri niseme lolote. Hili nililishika likawa linapumua. Ndiyo sababu nilibaki nalo."

Tokuzo aliomba walitazame. Bakuli lilipomfikia aliinama, viwiko juu ya magoti, akaligeuza juu chini sentimita chache kutoka mkekani, akakitazama kitako. Kinue hakumtazama usoni. Alitazama sikio lake, ambalo lilikuwa linageuka jekundu polepole kuanzia juu. Kisha Tokuzo akashukuru kwa maneno yaleyale ya kukariri, akampa mkewe. Kinue naye aliligeuza na kuweka vidole vyake kwenye zile alama. Mkono wa kulia ulikataa. Wa kushoto ulienea.

Walirudi nyumbani na kigari chao cha mizigo. Tokuzo alivua suti, akavaa nguo za kazi, akaingia karakana na kuanza kukanda udongo ambao ulikuwa umekandwa tayari. Kinue alimfuata akiwa bado na kimono yake na kusimama mlangoni. Alimweleza kuhusu vifurushi, na kabati, na sufuria.

"Mama alihamisha, wewe ukafunga, mimi nikala," Tokuzo alisema. "Kila mtu alifanya kazi yake."

"Ulijua lini?"

"Nilipoliinua. Bakuli langu halikai hivyo mkononi."

"Na hukusema."

"Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka, ukasema asante."

Aliendelea kukanda. Baadaye, akiwa ameuangalia udongo, alisema kwamba miaka yote hii, siku zilipokuwa mbaya, kitu kilichomwamsha kitandani ni kwamba palikuwa na bakuli lake moja mahali fulani lililochaguliwa. Hakuwa na mengine ya kujishikiza. Na alikuwa amejua siku zote, alisema, tangu zamani sana, kwamba hawezi kuchonga kitako kama kile. Alikuwa na uchungu, na hakuuficha, na Kinue alimwonea huruma kwa kiasi cha pumzi tatu hivi. Halafu hasira ikampanda.

"Wewe umepoteza bakuli," alisema. "Yule amepoteza kazi yake. Kesho naenda kumwambia."

"Kumwambia nini? Ana machungwa yake."

"Nitamwambia kwamba nilimfukuza kwao kwa mikono yangu, na wewe umejua na ukasema asante."

Tokuzo aliupiga udongo juu ya ubao. Kinue hajui kuendesha gari, na basi la mlimani lilifutwa zamani. Wote wawili walilijua hilo.

"Nitakupeleka," Tokuzo alisema. "Sitashuka."

Asubuhi walipanda mlima. Tokuzo aliegesha kigari chini ya shamba, akazima injini, akafungua gazeti. Kinue alipanda ngazi za mawe peke yake. Eiji alikuwa juu ya ngazi ya mbao, akiyavisha machungwa mifuko ya karatasi, moja moja, yasichomwe na baridi. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe. Alimkaribisha kwa kumrushia furushi la mifuko, akasema mti ule pale bado, shemeji, kama umekuja kushinda.

Kinue hakuvisha chochote. Alipiga magoti kwenye udongo wenye barafu nyembamba, akaweka mikono chini, akamweleza yote, kuanzia kipimo cha mwalimu mpaka sufuria, mpaka alama za gumba. Alisema amemwibia maisha bila kujua, na tena, bila kujua, akamsema kwa watu kwamba ana ngozi nyembamba. Alisema hajui mtu anaombaje radhi kwa kitu kama hicho.

Eiji alimaliza mfuko aliokuwa nao mkononi. Akashuka.

"Inuka, shemeji, utapata baridi yabisi," alisema. "Mimi nililifungua sanduku usiku uleule."

Kinue alimtazama.

"Ndani nikakuta bakuli la kaka. Nikacheka peke yangu. Nikasema, kumbe langu ndilo limebaki. Nikatoka mbio kwenda kumwambia, maana wewe unanijua, mimi nisingeweza kukaa na jambo kama hilo hata dakika."

"Na hukumwambia."

"Nilimkuta mbele ya picha ya baba. Anamwambia, baba, wamechagua langu. Analia. Shemeji, mimi nimekua na kaka, nimelala naye blanketi moja, na sikuwahi kumwona anafurahi. Sikujua hata uso wake unafanyaje. Nikarudi nyuma, nikafunga mlango."

Kinue aliuliza kwa nini basi aliondoka. Angeweza kunyamaza na kubaki.

"Kunyamaza? Mimi?" Eiji alikuwa kama ametukanwa. "Nikae naye kiwiko kwa kiwiko kutwa, ananiambia nakanda kama nakimbia mbwa, na mimi nalijua nililo nalo? Ningemwambia kabla ya chai ya saa nne. Ilibidi niondoke niende mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia. Machungwa nimeyaambia yote."

Aliongeza kwamba bakuli la kaka yuko nalo ndani, analinywea uji kila asubuhi. Halivuji tone. Kaka akifanya kitu, kimefanyika. Kinue alikuwa amekuja akiwa na machozi ya mtu mwenye hatia, na sasa hakujua yaelekee wapi, yakatoka tu. Alilia kwa ajili ya mama mkwe na sufuria yake, na kwa ajili ya kelele za karakana, ambazo alikuwa hajazisikia miaka yote hii na hakuwa ametambua kwamba anazikosa. Eiji alimpa mfuko wa machungwa ajifutie. Karatasi ya mifuko hiyo ina nta na haifuti chochote.

"Kaka hana habari, na asiwe nazo," Eiji alisema. "Umeniambia, yameisha. Rudi nyumbani."

"Anazo," Kinue alisema. "Jana alilishika."

Eiji aliacha kusogea. Alikuwa ameliweka jambo hilo salama miaka yote hiyo, ameliwekea mlima mzima, na lilikuwa limetoka kwa mlango ambao hakuufikiria. Kinue alimwona akijaribu kuudhika na kushindwa. Kisha akauliza swali ambalo, Kinue alielewa papo hapo, ndilo alilokuwa nalo miaka yote juu ya ngazi ile, chini ya ile mizaha.

"Alisema nini? Kuhusu bakuli."

Kinue alifungua mdomo kumjibu, akaufunga. Maneno hayo hayakuwa yake kuyapeleka. Alikuwa ameshapeleka vitu vya kutosha vya ndugu hawa wawili mahali pasipo pake.

"Yupo chini kwenye gari," alisema. "Alisema hashuki."

Eiji aliteremka ngazi za mawe na mikono yake ikiwa na vumbi la machungwa. Kinue alimfuata kwa mbali. Tokuzo alimwona kwenye kioo na kuinua gazeti juu zaidi. Eiji alisimama dirishani. Akagonga. Gazeti lilibaki lilipo, kisha likashuka, kisha dirisha likashuka nalo, kwa kusuasua, maana lilikuwa bovu tangu kiangazi.

Tokuzo hakumtazama. Aliuambia usukani.

"Lako ni zuri kuliko langu. Kitako chake, mimi siwezi. Nitamwambia mwalimu."

"Mwache bibi wa watu," alisema Eiji. "Amekunywa vizuri." Akainamia dirisha. "Sema tena."

"Umesikia."

"Dirisha halijafunguka lote."

Tokuzo alilisema tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Eiji alibaki amesimama akiutazama mlango wa gari. Halafu akazunguka upande wa pili, akafungua, akaketi mahali pa Kinue, akafunga mlango.

Kigari kile kina viti viwili tu. Ndugu walikaa humo wakitazama barabara, vioo vikianza kuingia ukungu. Kisha Kinue akaona mikono ya mdogo ikikanda kitu hewani, na kichwa cha mkubwa kikikataa. Hakuna aliyekumbuka kwamba yuko nje kwenye baridi, na yeye hakugonga.